Gari la Mbio Lililobeba Maziwa

Mama mmoja wa Rungwe alisafiri hadi Dar es Salaam kununua lori dogo la kubebea maziwa, akarudi na gari la mbio. Isome hadithi hii yote kabla hujampelekea mwenzako, maana wengi huishia katikati wakidhani mama huyu alirukwa na akili.

Jina lake Subilaga. Alikuwa mjane na mfugaji, mwenye ng'ombe wa maziwa, migomba na shamba la parachichi kwenye mteremko wa juu ya Tukuyu. Kila asubuhi majirani walimletea maziwa yao, akayachanganya na yake na kuyapeleka kwenye kituo cha kupokelea maziwa kwa pikapu yenye umri wa kitinda mimba wake. Pikapu ilikuwa imechoka. Kila mtu alijua mama kaenda kutafuta kenta, lori dogo la mizigo.

Mwanawe wa kwanza, Ambakisye, alikuwa ofisa mikopo wa benki moja jijini Mbeya. Alikuwa kikaoni simu ilipotetemeka. Kundi la ukoo, na ndani yake picha. Mama yake amejifunga kitenge, kandambili miguuni, mkono juu ya gari la rangi ya chungwa, fupi na pana, milango yake imefunguka kwenda juu kama mbawa za jogoo anayetaka kuwika. Chini ya picha mama aliandika kwamba amepata usafiri na Mungu ni mwema.

Ambakisye alitoka nje, akapiga simu.

"Mama, kenta iko wapi?"

"Sijaona niliyoipenda."

"Na hilo ulilolishika?"

"Hilo nimelipenda."

Akamweleza mambo yalivyokuwa. Muuza magari alimwambia kwamba gari hilo lilipokuwa jipya bei yake ilikuwa ya ghorofa zima. Likapita kwa tajiri wa kwanza, likapita kwa wa pili, na kila lilipopita liliacha pesa nyuma, mpaka sasa bei yake ilikuwa ya kenta tatu nzuri. Mama Subilaga alikuwa amevuna parachichi vizuri mwaka ule, na kenta tatu zilikuwa ndani ya uwezo wake.

"Walioumia ni wale wa mwanzo," alisema. "Mimi nimelikuta chini. Kitu kilichokwisha kuanguka kitaanguka wapi tena?"

Ambakisye alikuwa amewaeleza wateja habari za uchakavu wa mali kwa miaka mingi, na siku ile hakujua pa kuanzia. Alimwambia tu asafiri salama.

Mama aliendesha mwenyewe. Alilala Iringa, na kesho yake jioni akaingia Tukuyu kukiwa na manyunyu.

Yaliyofuata Ambakisye aliyapata kwa simu, na kila aliyepiga alikuwa na lake. Wa kwanza alisema mama kapata madini Chunya. Wa pili alisema kajiunga na chama cha siri. Wa tatu alipiga kwa huzuni kumpa pole kwamba mama yake kaibiwa. Alikuwa amemwona akifungua gari mbele ili aweke kikapu chake, na pale mbele hapakuwa na injini. Habari kwamba Mama Subilaga kauziwa gari lisilo na injini ilifika sokoni kabla yake. Wazee wawili walikwenda nyumbani kwake kumfariji, akawazungusha nyuma, akawaonyesha injini ilipolazwa chini ya kioo. Walikaa wakiitazama kama watu wanaotazama mtoto mchanga, wakanywa chai, wakaondoka wakisema kwamba Wazungu wamechoka.

Maisha yake yakabadilika bei. Muuza nyanya aliyekuwa akimwongezea moja juu ya fungu sasa alimpunguzia moja. Kadi za michango ya harusi, ambazo zamani zilikuja moja moja, zilianza kuja kwa bahasha nene, za watu asiowajua, jina lake limeandikwa na "Mheshimiwa" mbele. Kanisani mzee wa kanisa alimtaja kwenye harambee kabla hajainua mkono. Askari wa barabarani walimsimamisha kila alipopita, si kwa kosa, bali kwa sababu kila zamu mpya ilitaka kupiga picha.

Lakini kulikuwa na upande mwingine, ambao waliompigia Ambakisye simu hawakuutaja sana.

Gari lile lilikuwa chini mno kupita kwenye matuta ya barabarani. Siku ya kwanza lilipokwama, wauza ndizi waliacha vichanja vyao, wakaleta mbao, wakazipanga mbele ya magurudumu, wakaliongoza kwa mikono na kelele mpaka likavuka. Kesho yake walikuwa wakisubiri. Baada ya muda kila tuta kati ya nyumbani kwa mama na mjini lilikuwa na mbao zake na wenyewe, na hao wenyewe waliona haya tuta la wenzao likivukwa vizuri kuliko lao. Wakaanza kuimba.

Mabibi harusi wote wa kata ile walitaka kupanda. Gari lilikuwa na viti viwili tu, kwa hiyo alikaa bibi harusi na mama kwenye usukani, na bwana harusi akafuata nyuma kwenye basi dogo pamoja na wapambe, akinyoosha shingo kumtazama mkewe akitangulia. Mama hakutoza kitu. Alikuwa akiwaambia mabwana harusi wazoee kufuata.

Ambakisye hakucheka. Kila mwisho wa mwezi alitazama mtandaoni magari ya aina ile yalivyokuwa yakiuzwa, akapiga hesabu, na kwa kuwa mama yake hakuwa mtu wa asilimia, alimtafsiria kwa lugha ya nyumbani.

"Mama, kila mwezi kwenye gari hilo anakufa ng'ombe mmoja."

"Mbona simsikii akilia?"

"Anakufa kimyakimya. Na ukibadilisha oili wanakufa watatu kwa siku moja."

Hilo mama alilikubali, kwa kuwa mambo ya oili aliyajua. Fundi alikuwa ametoka Dar es Salaam kwa ndege.

Kisha pikapu ikafa. Ilifia kwenye mvua za Aprili, katikati ya kilima, ikiwa na maziwa ya majirani wote. Kenta haikuwepo. Maziwa hayawezi kukaa yakingoja mtu afikiri, na Mama Subilaga hakufikiri sana. Alifungua buti la mbele, akaingiza madumu mawili. Kwenye kiti cha abiria akaweka dumu kubwa, akalifunga mkanda. Akashuka na kupanda kile kilima mpaka maziwa yote yakafika.

Alifanya hivyo kesho yake, na keshokutwa, na wiki zilizofuata. Picha ya dumu la maziwa lililofungwa mkanda kwenye kiti cha ngozi iliingia kwenye kundi la ukoo. Watu waliweka vikaragosi vya kucheka. Ambakisye aliitisha kikao.

Walikutana nyumbani kwa mama siku ya Jumamosi. Baba mdogo Nsajigwa, mdogo wa marehemu mume wake, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Palikuwa na chai na ndizi za kuchemsha. Ambakisye alisema kwa adabu kile ambacho wadogo zake walikuwa wamemtuma aseme. Mama kafanya kazi vya kutosha. Mama kanunua gari la mamilioni akaligeuza punda wa maziwa. Mtu anayefanya hivyo pengine kachoka, na hakuna aibu katika kuchoka. Wao waliomba awaachie funguo za ghala na uendeshaji wa shamba, yeye apumzike.

Mama Subilaga alimaliza chai yake kwanza.

Alisema yeye hajachoka. Alisema alinunua gari lililokwisha kuanguka, na kitu cha namna hiyo hakina hasara kubwa. Kama wanabisha, basi walete mnunuzi wao wanayemwamini. Akilipa nusu au zaidi ya nusu ya pesa aliyotoa yeye, waache kumsumbua, na shamba abaki nalo. Bei ikiwa chini ya nusu, atakuwa hajui thamani ya vitu tena, na funguo watazipata siku hiyohiyo.

Baba mdogo Nsajigwa alimuuliza kama ana uhakika.

"Shemeji, nimenunua na kuuza ng'ombe kabla hujaota ndevu."

Ambakisye alikubali haraka. Alijua tayari bei. Alipokuwa akirudi Mbeya jioni ile alijisikia kama mtu aliyemshinda mtoto kwenye bao, lakini alijiambia kwamba ni kwa faida ya mama mwenyewe.

Mnunuzi aliitwa Hilali, kijana wa Dar es Salaam ambaye kazi yake ilikuwa kununua magari ya namna ile na kuyahifadhi. Alikuja kwa ndege hadi Songwe, na lori la kubebea magari lilimtangulia kwa barabara. Alivaa raba nyeupe. Siku hiyo ukoo wote ulikuwa uani, na nje ya uzio walikuwepo wengine ambao hakuna aliyewaalika.

Hilali alilizunguka gari na tochi ingawa jua lilikuwa linawaka. Aligonga rangi kwa kidole. Akainama, akatazama tumbo lake, lililokuwa na alama za mbao za matuta yote ya Tukuyu. Kisha akafungua mlango, akaingiza kichwa, akakitoa.

"Nini hiki kinanuka?"

"Maziwa," alisema mama.

"Maziwa gani?"

"Ya ng'ombe."

Watu wa nje ya uzio walicheka. Hilali aliandika kitu kwenye simu yake. Ambakisye alimsogelea, akamuuliza, kama mtu wa hesabu kwa mtu wa hesabu, yale ya kwake anayahifadhije. Hilali alisema yako Mbezi, ndani ya banda lenye kiyoyozi, yamefunikwa, na hayatoki.

"Kwa hiyo hayashuki bei?"

"Yanashuka. Haya yote hushuka, yakitembea na yakilala. Yakitembea hushuka zaidi kidogo."

"Na wewe unaendesha lipi?"

Hilali alitaja gari dogo la kawaida, la aina ambayo hata Ambakisye alikuwa nalo. Wote wawili walitazama pembeni.

Ilibaki kulijaribu barabarani. Baba mdogo Nsajigwa alisema mgeni hawezi kuachiwa gari peke yake, akamtuma Ambakisye akae pembeni. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuingia ndani ya gari lile. Alikuwa amelipigia hesabu mwaka mzima bila kukalia kiti chake.

Walishuka kilima polepole. Kwenye tuta la kwanza wauza ndizi walikuwa tayari na mbao, wakaanza wimbo, kisha wakaona kwamba kwenye usukani si mama, wakaendelea kuimba kwa sauti ndogo, kama kwaya iliyoletewa mwalimu mpya. Askari wa barabarani aliwasimamisha, akachungulia, akauliza mama yuko wapi, anaumwa? Ambakisye alijibu kwamba hajambo. Askari alisema amsalimie, na amwambie kwamba yule mtoto wa pili wa askari kaoa salama na picha zimetoka nzuri.

Kwenye tuta la tatu alisimama Mama Gwakisa, mfugaji jirani, na wanawake wengine watatu, na madumu. Walikuwa wamengoja tangu asubuhi, kwa kuwa gari siku hiyo lilikuwa linakaguliwa na hakuna aliyekumbuka kuwaambia. Hawakuuliza kitu. Walifungua buti la mbele kwa mazoea, wakapakia. Dumu la mwisho, lenye kifuniko kilicholegea, halikupata nafasi, Mama Gwakisa akampakatisha Ambakisye.

Hilali alijaribu kueleza kwamba gari liko katika ukaguzi.

"Dereva, maziwa hayajui ukaguzi," alisema Mama Gwakisa. "Washa gari. Na kwenye kona ya kwa mchungaji usikate kwa fujo, huyo uliyembeba ataoga."

Hilali aliwasha gari. Kwenye kona ya kwa mchungaji alikata kwa fujo kidogo, kwa ugeni, na ofisa mikopo akaoga.

Maziwa yalianzia kwenye tai, yakateremka kwenye suruali, yakaingia kwenye soksi. Ambakisye alifungua kinywa ili akemee. Kilichotoka ni kicheko. Hakujua kilikotoka. Alijaribu kukizuia, kikawa kibaya zaidi, na Hilali, ambaye alikuwa ametazama raba zake nyeupe na kuona kwamba nazo hazikupona, akaanza naye. Walifika kituoni wakiwa hawawezi kusema. Wapokea maziwa walidhani kumetokea msiba.

Wakati wa kurudi Hilali alisema anataka kuisikiliza injini akiwa upande wa abiria, hivyo Ambakisye aendeshe. Barabara pale hupanda kati ya mashamba ya chai, na saa ile haikuwa na mtu. Ambakisye alikanyaga mafuta kwa uangalifu, kama mtu anayekanyaga sakafu ya jirani. Kisha akakanyaga tena.

Injini ilikuwa nyuma ya shingo yake. Chai ilipita kushoto na kulia kama kitambaa kinachovutwa. Alipofika juu ya kilima alipunguza mwendo, akageuza gari, akashuka mpaka chini, akapanda upya. Hilali hakumuuliza kwa nini. Alikuwa ameshikilia mlango kwa mikono miwili na alikuwa anatabasamu.

Uani walikuwa wameanza kuwa na wasiwasi. Mlango ulipoinuka, akatoka ofisa mikopo akiwa amelowa na ananuka kama ndama. Mama yake alimtazama uso, wala hakutazama nguo.

Baba mdogo Nsajigwa alimwomba mgeni ataje bei. Hilali alijifuta uso, akafungua simu yake, akaitaja. Hakuna aliyehitaji kupiga hesabu. Haikufika nusu.

Mama Subilaga aliinuka, akaingia ndani, akatoka na mkufu wa funguo za ghala, akauweka juu ya meza mbele ya mwanawe.

"Nilisema haliwezi kuanguka tena," alisema. "Limeanguka. Nilikosea, na makubaliano ni makubaliano."

Wale wa nje ya uzio waliguna. Ambakisye alizitazama funguo. Ndizo alizozitaka mwaka mzima, na sasa mkono wake haukusogea.

Baba mdogo Nsajigwa, ambaye alikuwa mtu wa taratibu, alisema kabla funguo hazijachukuliwa ni haki mama aulizwe jambo moja. Pesa yote ile iliyopotea, yeye mwenyewe anaiona ilikwenda wapi?

Mama alikaa. Akamgeukia Ambakisye.

"Siku uliyooa tulichinja ng'ombe wangapi?"

"Wawili, mama."

"Walikuwa wazuri?"

"Walikuwa wazuri sana."

"Kesho yake ulikuja kuniuliza wameshuka bei kiasi gani?"

Ambakisye alitikisa kichwa kukataa.

"Walishuka mpaka sifuri," alisema mama. "Siku moja tu. Na mpaka leo hujawahi kuniambia ile ni hasara, kwa sababu watu walikula, walicheza, na wewe ulikuwa katikati yao umevaa suti. Mimi nilidhani hili gari ni ng'ombe wa kufuga. Hapo ndipo nilipokosea. Kumbe nilikuwa nimechinja siku ile ile nilipolilipia. Nilipoona hivyo, mwezi wa tatu au wa nne tangu nilinunue, nikasema basi, ng'ombe akishachinjwa hawekwi ndani ya kabati. Ndiyo maana mliona mabibi harusi, mkaona maziwa, mkaona watoto wa shule wamelikalia. Nilikuwa nagawa nyama."

Mtu mmoja nje ya uzio alicheka peke yake, kisha wengine wakamfuata. Ambakisye alihisi kicheko cha kule barabarani kikirudi. Alizisukuma funguo zikarudi upande wa mama yake.

"Shamba ni lako, mama. Na gari haliuzwi. Mimi ndiye niliyelileta sokoni na mimi ndiye ninayeliondoa. Oili nitalipa mimi."

Wadogo zake walimtazama kama mtu aliyebadilishwa njiani. Wauza ndizi walipiga makofi. Baba mdogo Nsajigwa alianza kusema kwamba kikao kimepokea, na Hilali, kwa uso wa mtu aliyekosa biashara lakini hakasiriki, akairudisha simu yake mfukoni.

Mama Subilaga alichukua funguo za ghala, akazifunga kwenye ncha ya kitenge. Kisha akamuuliza Hilali kwa pesa ile aliyoitaja, kule Dar es Salaam mtu anapata kenta nzuri?

"Unapata, mama. Na chenji."

"Basi lichukue."

Ambakisye alisimama. Alimwambia mama yake kwamba hakumwelewa, kwamba hakuna anayemlazimisha tena, kwamba kenta inaweza kusubiri. Alisema wangeweza kukaa nalo walau mpaka Krismasi, wadogo zake wakija na watoto. Alisema mengi, na yote yalikuwa yale yale ambayo mwaka mzima alikuwa akiyapinga.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe umeonja leo, ndiyo maana," alisema. "Mimi nimekula mwaka mzima. Mama Gwakisa ana ndama watatu wanakua, na maziwa ya mwakani hayataingia kwenye buti lile. Sherehe isiyo na mwisho mwenye nyumba hulala njaa. Hilali, mwanangu, toa pesa, na ukae ule kwanza."

Walikula. Hilali aliletewa maziwa ya mgando, akanywa mabakuli mawili. Dereva wa lori la kubebea magari alisogeza lori lake karibu na kuteremsha ngazi. Hilali aliitazama ile ngazi, akalitazama gari, akatazama raba zake ambazo hazikuwa nyeupe tena. Akamwambia dereva apandishe ngazi yake arudi Dar es Salaam bila gari, kwa maana yeye mwenyewe ataliendesha. Wauza ndizi hawakuacha nafasi ile ipotee. Lori la kubebea magari ya kifahari liliondoka Tukuyu limejaa ndizi mpaka juu.

Gari la chungwa lilitangulia. Mbao zilikuwa zimepangwa kwenye kila tuta, na siku hiyo hata waimbaji wa matuta yaliyokuwa hayasalimiani waliimba pamoja. Hilali alipunga mkono kutoka dirishani kama mtu aliyezaliwa hapo. Mama Gwakisa alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Askari wa barabarani alisimamisha magari mengine yote ili lile lipite.

Ambakisye alisimama barabarani kando ya mama yake mpaka mlio ukapotea nyuma ya kilima. Macho yalikuwa yanamwasha, akasema ni vumbi, ingawa mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Alipogeuka alimkuta mama yake anatabasamu, macho makavu.

"Mama, ulilipenda vile. Mbona hulii?"

"Nimeshiba, mwanangu," alisema Mama Subilaga, akaanza kupanda kilima kwenda kukamua.

Funzo: Kabla hujanunua kitu, jiulize kama unanunua ng'ombe wa kukamua au ng'ombe wa sherehe. Wa kukamua mtunze na umhesabie kila siku. Wa sherehe mle pamoja na watu, ushibe, wala kesho yake usiulize ameshuka bei kiasi gani.